Nani Aliamua Kuwa MRI Iwe Ghali?

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba uhaba wa vifaa katika hospitali zetu ni suala la fedha tu. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu hadi hospitali moja ya rufaa, tukakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha MRI: mashine ni mbovu. Fundi wa vifaa tiba alinieleza kwamba heli inayopoza sumaku ilikuwa imevuja, na mtaalamu wa kuitengeneza alisubiriwa kutoka ng'ambo. Tulirudi nyumbani bila picha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyeamua kwamba kifaa hiki kiwe hivi kilivyo.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1946, pale Felix Bloch na Edward Purcell, wakifanya kazi mbalimbali nchini Marekani, walipoonyesha kwamba viini vya atomi vikiwa ndani ya uga wa sumaku huitikia mawimbi ya redio. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kuugeuza mwitikio huo kuwa picha. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 2003 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Lakini tukio ninalotaka tulikumbuke lilitokea Aberdeen, Scotland, tarehe 28 Agosti 1980. Siku hiyo John Mallard na wenzake walimpiga mgonjwa picha ya kwanza ya mwili yenye manufaa ya kitabibu. Ilionyesha uvimbe kifuani, kasoro katika ini, na saratani iliyokwisha kufika mifupani. Sumaku yao ilikuwa na nguvu ya tesla 0.04 tu, wala haikuhitaji heli. Mashine nyingi za hospitali leo zina tesla 1.5 au 3.

Baada ya hapo makampuni yalishindana kuongeza nguvu za sumaku. Sikatai kwamba yalikuwa na sababu, kwani sumaku yenye nguvu hutoa picha safi zaidi na kwa muda mfupi. Hata hivyo, sumaku za namna hiyo hupozwa kwa heli ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, tena huhitaji chumba maalumu na umeme usioyumba. Wanunuzi waliolengwa walikuwa hospitali za nchi tajiri. Mahitaji ya hospitali hizo yakageuka kuwa kipimo cha ubora kwa dunia nzima.

Sisi tulipoteza nini? Jibu mojawapo liko Blantyre, Malawi. Mwaka 2008 Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ilipata mashine ya tesla 0.35, iliyotolewa na kampuni ya General Electric. Kwa mashine hiyo, Terrie Taylor na wenzake waliwachunguza watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Ikabainika kwamba uvimbe huo hukandamiza sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, miaka 35 baada ya picha ya Aberdeen. Ugonjwa ulikuwa wetu, watoto walikuwa wetu, lakini chombo cha kuona kinachowaua kilichelewa kiasi hicho.

Jibu jingine, lenye matumaini, liko Mbarara, Uganda. Mwaka 2022 Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha papo hapo mashine ya takriban tesla 0.05. Inatumia sumaku za kudumu zilizopangwa kwa duara, na haina heli. Shabaha yao ni watoto wenye vichwa vikubwa, yaani waliojaa maji kichwani. Picha zake ni hafifu, na uvimbe mdogo unaweza kupotea. Lakini daktari anayetafuta maji yamejaa wapi, na ubongo umebaki kiasi gani, hahitaji kuona kila kitu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni teknolojia ya maskini. Nawakumbusha kwamba nguvu ya sumaku ya Mbarara inaizidi kidogo ile ya Aberdeen, na kompyuta za kuchakata picha leo haziwezi kulinganishwa na za mwaka 1980.

Kwa wale mnaoandaa zabuni za serikali, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika nguvu ya sumaku, andikeni kwanza ni maradhi gani mnataka kuyaona, umeme wa wilaya husika ukoje, na fundi aliye karibu ni nani. Pale nilipokaa na shangazi yangu palikuwa na mashine ya bei kubwa sana, na haikumwona mtu yeyote siku ile.