Nyumba Ilikuwa ya Mama

Kitisuru ninakoishi, mtu hupimwa kwa ukuta wake. Kwa hivyo nilipofika Lamu, mawe hayakunishangaza sana. Kilichonishangaza ni maji: huku ratiba ni ya bahari, saa yako haina kazi.

"Mwanangu, maji yakipwa Mkanda haupitiki," nahodha aliniambia nilipochelewa gatini kwa sababu ya mahamri. Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko pande zote mbili. Tulikuwa tunaelekea kisiwa cha Pate, kwanza kwa mashua hadi Siyu, halafu kwa miguu hadi Shanga.

Shanga leo ni kuta za matumbawe, makaburi, na miti iliyojiotea ndani ya vyumba. Kwa muda mrefu stori ya magofu kama haya ilisimuliwa kwa njia moja tu: wageni kutoka Uarabuni na Uajemi walishuka majahazini, wakajenga, wenyeji wakatazama. Wasomi wengi wa enzi ya ukoloni waliikubali stori hiyo bila shida. Iliwafaa. Kama ustaarabu wa pwani uliletwa na wageni, basi Mwingereza naye alikuwa mgeni mwingine tu mwenye zawadi.

Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton akachimba hapa. Chini ya msikiti mkuu wa mawe alikuta mabaki ya majengo mengine, moja juu ya lingine, hadi kwenye msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Kumbe mji haukushushwa mzima kutoka jahazini! Ulianza kwa miti na udongo, ukakua palepale.

Lakini hata wazee wa pwani wanaosema asili yao ni Shirazi hawakuwa wakiota. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wakiwemo wa Manda na wa Faza, hapa hapa Pate. Wengi wao walikuwa na damu ya pande mbili, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka wa 1000. Upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume, wengi wao Waajemi. Upande wa Afrika ulitoka hasa kwa wanawake.

Nilisimama kwenye mlango usio na nyumba nikiwaza hilo. Katika miji hii, familia zenye uwezo zilimjengea binti nyumba, ama zikamwongezea orofa juu ya ile ya wazazi. Mume ndiye aliyehamia. Mwanamume alikuja na jahazi na jina la ukoo. Mwanamke alikuwa na nyumba, na lugha ambayo watoto waliongea ni Kiswahili, si Kiajemi.

Siyu yenyewe inakumbukwa kwa Bwana Mataka, mtawala aliyemsumbua Seyyid Said wa Zanzibar karne ya 19. Lakini ni wangapi kati yetu tunamjua? Tunaomjua zaidi ni mkewe, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka wa 1858. Baadhi ya mashauri yake kuhusu kumtii mume yananikwaruza, sitadanganya. Hata hivyo ni sauti ya mama kwa binti, na imebaki wakati ngome ya Siyu imebaki kimya.

Maji yalianza kujaa tena, tukarudi. Njiani nikajaribu kuhesabu watu wangu. Upande wa baba nafika vizazi vitano bila kujikwaa, maana majina hayo yamo kwenye stori za kila harusi na kila matanga. Upande wa mama nikakwama kwa shosho. Sijui mamake aliitwa nani. Sijawahi kuuliza.

Mtandao uliporudi karibu na Lamu, nikampigia mama. Alidhani nimezama.

"Mum, mamake shosho aliitwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nimuulize kabla hajalala," akasema, akakata simu.