KITI CHA UBUNGE NI CHA KUAZIMA: KISA CHA JIMBO LA RAE BARELI



Ndugu yangu msomaji, leo nakuomba dakika zako chache tuitazame historia ya jimbo moja la uchaguzi huko India. Linaitwa Rae Bareli, lipo Uttar Pradesh, kaskazini mwa nchi, si mbali na mji wa Lucknow. Ni jimbo la wakulima. Lakini jimbo hilo liliitikisa India nzima.

Mwaka 1952, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya uhuru, wananchi wa huko walimchagua Feroze Gandhi, na mwaka 1957 wakamrudisha. Usichanganye jina: hakuwa na undugu na Mahatma Gandhi. Alikuwa mume wa Indira, binti wa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Utadhani mtu wa namna hiyo angekaa kimya ale mkate wa baba mkwe. Wapi! Alisimama bungeni akahoji kwa nini fedha za shirika la bima la umma zilitumika kununua hisa za kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra. Mwaka 1958 Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu. Serikali ilikuwa ya chama chake na ya mkwe wake, naye aliihoji vilevile.

Feroze alifariki mwaka 1960. Mwaka 1967 mjane wake, Indira, aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu, akagombea Rae Bareli na kushinda. Mwaka 1971 akashinda tena, akimwacha mpinzani wake Raj Narain kwa zaidi ya kura 100,000.

Sasa hapa tulia, msomaji wangu. Raj Narain hakukubali. Alikwenda Mahakama Kuu ya Allahabad na madai mengi. Watu walimcheka: kura laki moja, utazipinga vipi? Kesi ikaenda miaka minne. Machi 1975 Waziri Mkuu mwenyewe akapanda kizimbani kuhojiwa. Jaji Jagmohanlal Sinha alikuwa ameagiza kwamba akiingia mahakamani watu wasisimame, kwa sababu mle ndani anayesimamiwa ni jaji peke yake.

Tarehe 12 Juni 1975 hukumu ikatoka. Madai mengi yalitupwa, mawili yakasimama. La kwanza, mtumishi wa serikali alimfanyia kazi ya kampeni kabla hajaacha rasmi utumishi. La pili, maofisa wa serikali walitumika kumwandalia majukwaa na umeme wa vipaza sauti. Ushindi ukafutwa, akazuiwa kushika nafasi ya kuchaguliwa kwa miaka sita. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wapo walioona makosa yale ni madogo mno kumwangusha Waziri Mkuu. Lakini jiulize: jukwaa la serikali ni la nani? Ni la mgombea, au ni la yule mkulima anayelipa kodi?

Akakata rufaa. Usiku wa tarehe 25 Juni hali ya hatari ikatangazwa. Wapinzani wakakamatwa, Raj Narain akiwa miongoni mwao. Magazeti yakachujwa. Sheria ya uchaguzi ikabadilishwa ihesabiwe tangu nyuma, na Novemba Mahakama ya Juu ikaurudisha ushindi wake, ingawa ilikataa kifungu kilichotaka uchaguzi wa Waziri Mkuu usiguswe na mahakama. Katika kipindi hicho wanaume wengi wa vijijini na mijini walilazimishwa kufungwa uzazi. Mambo hayo yalidumu miezi 21.

Machi 1977 uchaguzi ukafanyika. Yule mkulima wa Rae Bareli, asiye na gazeti wala wakili, akaingia kwenye chumba cha kura peke yake. Raj Narain akashinda kwa kura zaidi ya 55,000. Jambo ambalo jaji alilifanya na likatenguliwa, mpiga kura alilifanya na halikuwa na rufaa.

Je, alimchukia milele? Hapana. Mwaka 1980 alimrudisha Indira. Yeye alikuwa ameshinda pia Medak, kusini, akaamua kubaki na Medak na kuiacha Rae Bareli. Mwaka 1996 na 1998 jimbo likaenda kwa chama cha BJP. Mwaka 2004 likampa Sonia, mkwe wa Indira, aliyelishika miaka 20, na mwaka 2024 likampa mjukuu wake, Rahul, kwa kura zaidi ya 390,000.

Utaniambia: "Sheikh, mbona ni urithi ule ule wa familia?" Swali lako ni zuri. Jina kubwa linafungua mlango, hilo halikataliki. Lakini urithi haunyang'anywi, na kiti hiki kimeshanyang'anywa. Kila anayekikalia pale anajua kwamba mwenyewe yupo shambani, na siku ikifika anaweza kukidai. Cheo ni dhamana.

Basi nawe unayepiga kura popote ulipo, usiseme kura yangu moja itafanya nini. Wale waliompigia Raj Narain mwaka 1977 kila mmoja alikuwa na moja tu.

Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako.

Wabillahi tawfiq.