Fundi Hufuata Kitambaa

Leo tutajifunza historia ya kitambaa kinachovutika.

Vuta khanga. Haivutiki sana, maana nyuzi zake zimepitana, mtande na mshindio. Sasa vuta fulana. Inavutika, kisha inarudi. Uzi wake umefumwa kwa vitanzi vidogo, kama sweta.

Zamani kitambaa hiki kilitumika zaidi kwa soksi na nguo za ndani. Mwaka 1916 Ufaransa ilikuwa vitani, na vitambaa vilikuwa haba. Bibi Gabrielle Chanel akanunua kitambaa cha jezi kwa Rodier, mwenye kiwanda. Kilikuwa laini, hakikufaa mishono mingi ya kubana mwili. Hakushindana nacho. Alibadili ukataji: mshono mnyofu, kiuno kilicholegea. Wanawake wakatembea kwa raha.

Nawe fundi, pima kabla ya kukata. Kipande cha sentimita 10 kikivutika hadi 15, kimeongezeka nusu. Ndipo uchore karatasi yako. Nguo ya kubana huchorwa ndogo kuliko mwili. Kitambaa kitajaza pengo.

Swali: Kwa nini fulana huvutika kuliko khanga?