Kiti cha Mwombaji

Nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ya Tabata ilialikwa mjini kwenye mkutano wa wanafunzi wa kuigiza Umoja wa Mataifa. Kila mmoja anapewa nchi, anaisoma, kisha anaitetea kama balozi wake. Mimi niliangukiwa na Uingereza. Niliazima tai ya kaka yangu.

Rafiki yangu alichelewa. Daladala ilikwama kwenye foleni Buguruni, na alipofika nchi zote zilishagawiwa. Akakaa nyuma, ukutani. Mada ilikuwa maji safi mijini, na yeye alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji kisimani. Akanyoosha mkono. Mwenyekiti, mwanafunzi mwenzetu, akamjibu kwa ung'eng'e kwamba asiye na nchi hana sauti. Ukumbi ukacheka. Na mimi, Mheshimiwa Balozi wa Uingereza, nikacheka nao.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi wa habari, nilianza kusoma historia ya mambo haya, na kicheko kile kikanirudia. Wanafunzi wa Marekani walianza kuigiza Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920. Wakati huohuo Tanganyika ilikuwa chini ya Shirikisho hilo, imekabidhiwa Uingereza itawale. Yaani wenzetu walikuwa wanacheza ubalozi, sisi tulikuwa mada.

Baada ya vita ya pili tukawa nchi ya udhamini. Bado hatukuwa na kiti, ila kulikuwa na mlango mdogo: Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiliruhusu maombi kutoka kwa wenyeji kupokelewa na kuchunguzwa. Mlango huo ndio alioutumia Kirilo Japhet mwaka 1952. Mwaka mmoja kabla, Wameru wapatao 3,000 walikuwa wamehamishwa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Japhet alifika New York na kuwasemea. Hakurudi na ardhi, lakini dunia ilikuwa imemsikia Mmeru kwa kinywa chake mwenyewe.

Tarehe 7 Machi 1955 ikawa zamu ya mwalimu wa Pugu, si mbali na hapa kwetu Tabata. Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Hakudai uhuru wa kesho yake. Aliomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, na kwamba wao ndio watakaoitawala. Mwezi huohuo akaacha kazi ya ualimu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotutembelea mwaka 1954 ulikuwa umekadiria kwamba tungeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Haikufika hata minane. Tarehe 14 Desemba 1961, siku tano tu baada ya uhuru, Tanganyika ilipewa kiti chake.

Sasa niambie, msomaji: katika mikutano yetu ya kuigiza, Nyerere wa 1955 angekaa wapi? Angekaa nyuma, ukutani, pamoja na rafiki yangu.

Siipingi michezo hii. Inafundisha kusoma, kusikiliza, kupiga hesabu ya kura, hata kutetea msimamo usioupenda. Siku hizi huwa naalikwa kuwa jaji, nami naenda. Lakini tunawafundisha vijana kwamba sauti inaanzia kwenye bendera, wakati kwetu sauti ndiyo iliyotangulia na bendera ikaja baadaye.

Kwa hiyo kila ninapoalikwa, naomba kitu kimoja: kiwekwe kiti kisicho na bendera, cha mwombaji, na atakayekikalia aruhusiwe kusema, hata kwa Kiswahili. Waandaaji wengine wanakubali, wengine wananiona msumbufu.

Rafiki yangu hakurudi tena kwenye mdahalo wowote. Tulipokutana juzi Tabata Relini nilimwomba radhi. Akacheka, akasema ameshasahau. Halafu akanieleza, neno kwa neno, alichotaka kusema siku ile.