Nyumba ya Turubai, Miaka 30 Baada ya Bulyanhulu

Jua likizama Kagongwa, malori yanayotoka Isaka kwenda Kahama na mpaka wa Rusumo huegeshwa kando ya barabara. Dereva hulala kwenye kitanda kilicho nyuma ya usukani, utingo wake hutandika anapopata nafasi. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, kuna safu za vyumba vya uani: mlango mmoja, dirisha moja, bati chache, jiko la mkaa nje. Muulize mtu Kagongwa ina nyumba ngapi, naye atakuonyesha zinazotazama barabara. Za nyuma hazimjii akilini, hata kama yeye mwenyewe amelala humo.

Nayawaza haya kwa sababu mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 30 tangu wachimbaji wadogo waondolewe Bulyanhulu, upande wa Kakola, kaskazini ya Kahama. Kuhusu dhahabu ya Bulyanhulu na watu waliodaiwa kufa pale, yameandikwa mengi. Kuhusu nyumba walizokuwa wakilala wachimbaji hao, machache mno. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi ule, ukiutazama vizuri, ilikuwa juu ya hesabu: watu walikuwa wangapi? Na hesabu hiyo ilishindikana kwa sababu ya aina ya nyumba zao.

Nyumba ndogo si ngeni huku kwetu. Kaya ya Msukuma au Mnyamwezi wa zamani haikuwa nyumba moja kubwa. Ilikuwa ua wa minyaa, na ndani yake misonge kadhaa, vihenge vya nafaka na zizi la ng'ombe. Kijana akikua alijengewa kibanda chake palepale. Hakuna aliyemwona baba maskini kwa sababu mwanawe alilala kibandani. Ukubwa wa mtu ulionekana katika wingi wa mapaa ndani ya ua wake. 

Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Isaka, vibarua wakaja na kambi zao. Miaka ya 1930 mgodi wa Geita ukaanza, na mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui. Watu wakazoea kulala kwenye nyumba ya mwajiri. Mwaka 1973 ukatoka uamuzi kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka uliofuata familia nyingi za Shinyanga zikajikuta kwenye viwanja vipya, zikilala katika vibanda vya fulu suti, nyasi kuanzia ukutani hadi paani, huku zikingoja nyumba bora iliyoahidiwa. Wengi waliingoja muda mrefu.

Kisha ikaja Bulyanhulu.

Dhahabu ya pale ilijulikana tangu katikati ya miaka ya 1970, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilifanya utafiti. Lakini wimbi la watu lilikuja baadaye, Serikali ilipolegeza biashara ya dhahabu na Benki Kuu ikawa mnunuzi. Habari za rashi, yaani mbio za dhahabu, huenda kasi kuliko basi. Watu walitoka Usukumani kote, wakaja na wengine kutoka mikoa ya mbali, na kila kundi likashika duara lake la kuchimba. Wanaapolo, yaani wachimbaji, walishuka shimoni, mama lishe wakawasha moto, wenye mashine wakasaga mawe.

Nyumba ya rashi ilijengwa kwa saa chache. Miti minne au sita ilisimikwa, fito zikafungwa kwa kamba au vipande vya mpira, na juu likatandazwa turubai au nailoni nyeusi. Miti hiyohiyo ndiyo iliyogeuzwa matimba ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, kwa hiyo mtu alilala chini ya mti wa aina ileile iliyomlinda chini ya ardhi. Rashi ikihamia kwingine, turubai linakunjwa, linafungwa nyuma ya baiskeli, na kesho yake nyumba iko mahali pengine. Miti inaachwa au inauzwa.

Mwezi Agosti 1994 leseni ya eneo hilo ikawa mikononi mwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Kwa hiyo eneo moja likawa na mwenye karatasi na mwenye turubai. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu ya Tabora mwaka 1995 kutaka wachimbaji waondolewe, haikupata ilichokitaka. Tarehe 30 Julai 1996, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Dk. William Shija, akatangaza kwamba wachimbaji waondoke. Mwanzoni mwa Agosti wachimbaji wakapata zuio la Mahakama Kuu Tabora, lakini siku chache baadaye mashimo yakaanza kufukiwa.

Hapo ndipo simulizi inapogawanyika. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, ambacho Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala walikuwa sauti zake, kilidai kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walizikwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha. Amnesty International ilitaka uchunguzi huru. Wanasheria hao walifunguliwa mashtaka ya uchochezi mwaka 2002. Mwaka huohuo LEAT ilipeleka malalamiko kwa msuluhishi wa malalamiko wa Kundi la Benki ya Dunia, kwa kuwa wakala wake, MIGA, ulikuwa umeuwekea mradi dhamana ya dola milioni 172. Ofisi ya msuluhishi ilitoa taarifa yake Oktoba 2002. Haikuona msingi wa madai ya kuzikwa watu hai. Waliodai hawakukubali. Sitajaribu kuamua hapa jambo ambalo wengine waliokuwa na muda na nyaraka nyingi kuliko mimi hawakulimaliza.

Ninachoweza kusema ni kuhusu hesabu. Makadirio ya watu waliokuwa Bulyanhulu yalianzia makumi ya elfu hadi mamia ya elfu, na kila upande uliegemea namba yenye manufaa kwake. Mbona tofauti iwe kubwa hivyo? Tazama miaka. Sensa ya taifa ilifanyika 1988, kabla ya wimbi kubwa la wachimbaji. Iliyofuata ni ya 2002, wachimbaji wakiwa wameshaondoka. Mji mzima uliota na kutoweka kati ya sensa mbili. Hakukuwa na misingi ya mawe, hati za viwanja wala tathmini ya nyumba. Turubai lilikwenda na mwenyewe, na ushahidi ukaenda nalo. Hata mkweli kabisa, akiulizwa leo ni kaya ngapi zilivunjwa pale, atakwama.

Sheria nayo ilikuja imechelewa. Sheria za ardhi namba 4 na namba 5 ni za mwaka 1999, na kanuni za kuthamini fidia ni za 2001. Humo mna thamani ya maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, na kodi ya malazi ya miezi 36. Mtu mwenye tofali za kuchoma na mwembe uani ana la kuonyesha. Aliyeishi chini ya turubai angemwonyesha nini mthamini? Miti minne?

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia. Barrick Gold iliinunua Sutton mwaka 1999, mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ukafunguliwa 2009 na kufungwa 2021, mwaka ambao Kahama iliitwa manispaa, Kagongwa ikiwamo. Kila mwenye kiwanja aliona fedha katika ua wake. Banda la kuku likawa chumba, chumba kikawa safu ya vyumba vinne vyenye choo kimoja. Fundi wa mashine, mwalimu mgeni, kijana wa bodaboda na mama muuza mchele wote wameanzia humo.

Serikali huviona vyumba hivi kwa jicho moja. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, mwanzoni Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Vyumba vinne vya uani vikitumia mita moja na nyumba ya mbele, vinahesabiwa pale tu wapangaji wanapogombana nani kamaliza umeme. Mipango ya maji taka, njia ya gari la zimamoto na shimo la choo hufanywa kwa ajili ya nyumba ya mbele. Kipindupindu hakijui ipi ya mbele.

Wenzetu ng'ambo wameigeuza nyumba ndogo kuwa fasheni. Marekani wapo wanaogeuza gari kuwa makazi na kupiga picha za machweo, na wapo wengine walioingia garini kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mwaka 2016 jimbo la California lilipitisha sheria ya kurahisisha vibali vya nyumba za uani, baada ya miji mingi kuzikataa kwa miaka. Walikubali kuona kilichokuwapo tayari.

Sisi tulipiga hatua mwaka 2022. Sensa ya mwaka ule, kwa mara ya kwanza, ilihesabu majengo pamoja na watu, na usiku wa kuamkia Agosti 23 wasafiri nao walihesabiwa walipokuwa. Manispaa ya Kahama ingeanzia hapo: ivipe vyumba vya uani anwani zake, iweke kiwango cha choo na dirisha ambacho mwenye nyumba wa kawaida anaweza kukimudu, na ikumbuke kwamba wachimbaji wanaofuata rashi mpya bado wanafunga turubai mitini leo.

Sensa ijayo ni 2032. Karani akibisha hodi Kagongwa, asiishie barazani. Mpelekeni uani.