Gumegume na Fataki

Tulipomaliza arobaini ya bibi yangu huko Urambo, mkoani Tabora, tulifungua sanduku lake la bati. Juu kulikuwa na vitenge, katikati stakabadhi za tumbaku za miaka mingi, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, kopo dogo la duara lililotosha kiganjani. Karatasi yake ilikuwa imechubuka, lakini jina Eley na neno London yalisomeka. Nilidhani ni dawa ya kuchua. Kumbe ndani mlikuwa na vikofia vya shaba, vidogo kuliko punje ya mahindi, vimeanza kuota ukijani.

Mjomba akacheka. "Fataki za babu yako hizo." Akachukua kimoja, akaanza kutafuta jiwe la kukigongea aone kama bado kizima. Mama mdogo akampokonya kopo.

Kwa watu wa rika langu, fataki ni mwanamume. Kuanzia kama 2008, redio za Tanzania zilirusha vile vichekesho vya Fataki, mzee anayewawinda mabinti wadogo kwa lifti na chipsi kuku, na kila mara anaumbuka. Jina likahamia mtaani, na hadi leo likitajwa hakuna anayehitaji maelezo. Nimeliandika gazetini mara nyingi. Siku hiyo ndiyo nilishika fataki mkononi kwa mara ya kwanza.

Niliporudi Dar nilifungua kamusi, nikakutana na mwenzake. Gumegume, lile neno ambalo shangazi zetu humtupia mume asiyefaa, ni bunduki ya zamani inayowashwa kwa jiwe. Yaani matusi yetu mawili ya wanaume yametoka kwenye bunduki mbili zilizofuatana.

Tofauti yao ni ndogo lakini nzito. Zote mbili hushindiliwa kwa mdomoni: unamimina baruti mtutuni, unafuatisha kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisau, halafu unashindilia kwa kijiti kirefu. Kazi iliyobaki ni kuiwasha. Kwenye gumegume, jiwe lililobanwa kwenye mtambo hupiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani cha nje, na moto ukapita tundu kuingia ndani. Mvua ikinyesha, baruti imelowa. Upepo ukivuma, imepeperuka. Mara nyingine kisahani huwaka kwa kishindo na moshi, kila mtu akageuka kutazama, na risasi isitoke. Ukishaelewa hapo, huhitaji kuuliza kwa nini mume wa namna fulani akaitwa gumegume.

Fataki iliondoa kisahani. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege, na ndege walikuwa wakiuona mwako wa kisahani wakaruka kabla risasi haijafika. Akatumia kemikali zinazolipuka kwa kugongwa tu, na mwaka 1807 akapata hataza. Waliomfuata wakaweka kemikali ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa zebaki, ndani ya kikofia cha shaba. Unakivika kwenye chuchu ya bunduki, nyundo inashuka, basi. Hata mvua ikinyesha, italia.

Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, kuukuu zilitafutiwa soko, na pwani yetu ilikuwa mojawapo. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Unyamwezi, bunduki na baruti zikapanda. Mirambo, ambaye mji wake ndio uliozaa Urambo, alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 juu ya njia hiyo hiyo ya biashara, na anayeshika njia ndiye aliyeshika baruti. Kufikia 1888, Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake silaha za moto zilizuiwa kuingia Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Kati ya ruhusa zilizokuwemo kulikuwa na hii: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Nilisoma kipengele hicho mara tatu. Watu waliokaa mezani Ulaya, huku majeshi yao yakiwa na Maxim, walichagua kwa makini aina ya bunduki atakayobaki nayo Mwafrika, nayo ni ile ambayo Kiswahili kimeifanya jina la mtu asiyefaa.

Lakini simulizi la mjomba lilinifanya niitazame upya hiyo gumegume. Babu alikuwa na gobore la fataki, lenye kibali, la kulindia shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Fundi wa kijijini aliweza kulitengeneza karibu lote. Kitako kikivunjika alichonga kingine, na marisau yakiisha alikata misumari. Kitu kimoja tu hakuweza kufua: fataki. Hiyo ilitoka dukani kwa Mhindi, kwa kuonyesha kibali. Babu alizihesabu kila jioni. Mvua moja zilipokosekana dukani, gobore lilikaa pembeni kama mchi, na nguruwe wakamaliza mihogo. Mwenye gumegume angeokota jiwe gumu akajaribu bahati yake. Mwenye fataki alisubiri meli kutoka London. Leo wanaofua magobore ya kificho hukwangua vichwa vya kiberiti, na bado nao wanategemea duka.

Baadaye gobore lenyewe lilirudishwa serikalini, na kopo likabaki. Bibi hakulitupa. Nadhani kwa miaka yote ile ya nguruwe alikuwa amejifunza thamani ya kile kikofia kuliko thamani ya bunduki.

Fataki kuukuu si za kuchezea, hivyo kesho yake mimi na mjomba tulilipeleka kopo kituo cha polisi, tukilibeba kama yai. Askari wa zamu, kijana kuliko mimi, aliandika tarehe na majina yetu, kisha akauliza: "Niandike ni nini?"

"Fataki," nikamwambia.

Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Mjomba akafungua kopo, akamsogezea. Kijana akainama, akakaa kimya kidogo. "Kumbe ndiyo hii yenyewe," akasema, akaandika.