Fundi wa Papenburg na Wapenzi wa Merikebu Yake

Kasulu na Kibondo ni wilaya za nchi ya juu. Wenyeji wake, Waha, ni watu wa jembe na mifugo. Ubaharia si desturi yao, na Ziwa Tanganyika liko mbali chini, mwendo wa kuteremka kutoka Kasulu, na mbali zaidi kutoka Kibondo. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha ya kuwa katika mwaka 2015 wilaya hizi mbili zilipokea wageni maelfu kwa maelfu walioletwa hatua ya kwanza na merikebu moja iliyoundwa Ujerumani katika mwaka 1913. Merikebu hiyo ni Liemba. Watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya maji na milima, kisichofikiwa kwa gari, na kipindupindu kikaanza kuwaua. Liemba ikawatoa huko, watu 600 hivi kwa safari moja, ikawafikisha Kigoma. Na kutoka Kigoma mabasi yakawapandisha mpaka kambi ya Nyarugusu katika Kasulu. Nyarugusu ilipofurika, kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.

Ndipo swali la zamani linaporudi: kazi hii ni sifa ya nani? Merikebu za kale zina wapenzi wao, kama vile magari ya kale ya Kijerumani yalivyo na wapenzi wao. Nao aghalabu ni watu wenye bidii kuliko wataalamu, na wepesi wa kukasirika kuliko wanasiasa. Wapenzi wa Liemba husafiri kutoka nchi za mbali ili wasimame juu ya staha yake tu, waguse chuma, warudi kwao. Miongoni mwao imeenea hukumu moja, kwamba merikebu hii iliishi kwa ajili ya ustadi wa fundi mmoja, Anton Rüter, mwunda merikebu wa kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, akisaidiwa na wenzake wawili, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukweli wake ni nusu, na nusu iliyosalia haina budi kutafutwa.

Kazi ya mafundi hao watatu ilikuwa ngumu kweli. Merikebu iliundwa kwanza Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam. Reli ya kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914, na kwa reli hiyo shehena ikapelekwa ziwani. Merikebu ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana ambaye katika siku zake Vita vya Maji Maji vilizimwa kwa moto na njaa. Yamkini hapana jina lililoweza kupendeza kidogo kuliko hilo katika masikio ya wenye nchi. Vita Kuu ilianza kabla kazi haijakwisha. Hata hivyo merikebu iliteremshwa majini mwezi wa Februari 1915, na kabla mwaka haujafika katikati wake ikaanza kwenda. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi, na hapana chombo kilichoilingana katika ziwa lile.

Waliyokusudia waliojenga yalikuwa biashara na abiria. Vita vikaigeuza manowari. Ikatiwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Lakini bahati ya Wajerumani ziwani ilikuwa fupi. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, wakizikokota nchi kavu kupitia Kongo. Wakaiteka Kingani mwezi wa Desemba 1915, na mwezi wa Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kisha majeshi ya Ubelgiji yakashuka kutoka Burundi, yakipita katika nchi ya Buha kuelekea Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha merikebu yao wenyewe ili isitekwe.

Hapo ndipo hadithi ipendwayo inapoanza. Kamanda Gustav Zimmer alitoa amri ya kuzamisha. Mafundi, kama isimuliwavyo, wakaipaka mitambo grisi nene kila mahali, wakaijaza merikebu mchanga, wakaiteremsha chini ya maji kwa taratibu kama watu waalazao mgonjwa. Walitumaini kwamba siku moja wenyewe wangerudi kuiinua. Hawakurudi. Lakini mwaka 1924 Waingereza walipoitoa majini, baada ya miaka minane, mitambo ile ya mvuke ilikutwa ingali yafaa. Ikatengenezwa, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini katika mwaka 1867.

Ni vyepesi kufahamu kwa nini wapenzi huipenda sura hii. Ndani yake mna fundi ambaye mapenzi yake kwa kazi yalizidi chuki za vita. Anaamriwa kuharibu, naye anatii amri kwa namna inayohifadhi. Mwandishi wa Kiswisi Alex Capus alifanya riwaya nzima juu ya mafundi wale watatu katika mwaka 2007, na Giles Foden, Mwingereza, alikwisha kuandika juu ya vita vya ziwani katika mwaka 2004, akiwa na hamu zaidi ya vituko vya wakubwa wa jeshi. Msomaji wa vitabu vya namna hiyo akifika Kigoma huwa ameisha kuhukumu. Humtafuta Rüter katika kila bamba la chuma.

Lakini grisi ina mipaka yake. Ilizuia kutu, haikuinua chombo. Wabelgiji ndio walioiinua mara ya kwanza, mwaka 1918, wakaivuta mpaka Kigoma. Na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena hapo hapo ilipofungwa. Mara hii hapakuwa na fundi wa Papenburg aliyeiandaa kwa kifo chake. Ililala miaka minne mingine, na ikainuliwa tena. Mtu akisema kwamba mitambo iliokoka kwa ustadi wa Rüter, hana budi kusema pia kwamba iliokoka kwa ustadi wa waliokwenda chini ya maji kufunga matundu na kutoa matope, na wa wale waliofungua kila kiungo cha mashine, wakakisafisha, wakakirudisha mahali pake, kati ya mwaka 1924 na 1927. Wapenzi huwapita watu hawa kwa sentensi moja. Sababu si husuda. Ni kwamba hadithi ya kuzamisha kwa upendo ina utamu ambao hadithi ya kukwangua kutu haina.

Kuna kipimo kingine, na hiki kimetoka kwa wapenzi wenyewe. Mpenzi wa magari ya kale ya Kijerumani haulizi kwanza kama gari lakwenda. Huuliza kama injini iliyomo ni ile ile iliyotiwa kiwandani, na huinama kuisoma nambari yake. Volkswagen mfano wa ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, ikiwa imebadilishwa injini, kwake ni kama kanzu ya urithi iliyotiwa kiraka kifuani. Sasa Liemba na ipimwe kwa kipimo hicho. Mitambo ya mvuke iliyopakwa grisi mwaka 1916 ilifanya kazi karibu miaka 50 tangu 1927, jambo la heshima kubwa. Kisha katika miaka ya 1970 ikatolewa, na mahali pake zikatiwa injini za dizeli. Katika mwaka 1993 merikebu ikafanyiwa matengenezo makubwa tena kwa msaada wa Denmark. Basi kile kitu hasa ambacho kwacho fundi wa Papenburg husifiwa hakimo tena ndani ya merikebu, nacho kimekosekana kwa muda mrefu. Wageni husimama juu ya injini za wakati mwingine, wakisifu grisi ya mwaka 1916.

Je, kilichosalia ni nini? Ni mwili wenyewe: mbavu, na mabamba ya chuma yaliyoshikanishwa kwa ribiti. Mabamba yalitoka Papenburg, lakini hayakufungwa huko kwa mara ya mwisho; yalifungwa Kigoma, mmoja mmoja, ribiti ikipashwa moto hata ikawa nyekundu, ikatiwa tunduni, mtu mmoja akiikaza upande wa ndani na mwingine akiipiga nyundo upande wa nje, nayo ikipoa inajivuta na kuyabana mabamba mawili yasipitishe maji. Mafundi watatu wasingaliweza kazi hiyo kwa mikono sita. Ilifanywa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, katika bandari iliyomo katika nchi ya Waha. Rüter aliongoza, akapima, akakagua. Na fundi mkuu asiyejua kukagua hana kazi. Lakini nyundo zilikuwa mikononi mwa wengine, na vitabu vya wapenzi huwataja kwa jumla tu, kama vile hati ya shehena itajavyo makasha.

Katika Ujerumani palitokea wapenzi waliotamani merikebu irudishwe Papenburg, iwe jumba la makumbusho kando ya kiwanda ilikozaliwa. Haja yao yafahamika: mpenzi hapendi kuona kilicho adimu kikilika kwa kazi. Lakini hukumu hiyo ilisahau kwamba kazi ndiyo iliyoihifadhi. Chombo kilichokuwa na abiria wa kungojea kila juma, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, kilipata matengenezo kwa sababu abiria walikuwako; na walipokosekana wa kawaida, walikuwako wakimbizi. Mwaka 1997 ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikiwarudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000. Gari la kale likiwekwa chini ya turubai lina maisha marefu. Liemba ingewekwa chini ya turubai katika mwaka 1990, watu wa Kagunga wangalisubiri chombo gani?

Hapo Kagunga hapakuwa na gati. Merikebu ilisimama ndani ya maji ya kina, na mashua ndogo zikaileta mizigo, wazee, na wanawake wenye watoto mgongoni, wakaipandia ubavuni. Mashua moja ikiondoka, nyingine ilisogea, na mikono ya watu ikalishika lile gamba la chuma, ikitafuta mahali pa kujizuia juu ya vichwa vya ribiti.